Kifungu Kilichobandikwa Pasipo Pake

Loyce alitoka Mpwapwa mwaka 2013, akaletwa Kasulu kutunza chumba cha vitabu vya sheria katika shirika dogo linalowasaidia wasio na wakili. Watu walimwona na mkasi na gundi, wakadhani anafundisha watoto wa chekechea. Kumbe kazi ndiyo hiyo: sheria ikibadilishwa, kipande kipya hukatwa kikabandikwa juu ya kifungu cha zamani, wakili asije akamsemesha maiti akidhani yu hai.

Katika mji mzima hakuwa na mwenzake wa kazi. Wa karibu alikuwa Bazilio wa Kibondo, mwenye chumba kama chake. Kila Ijumaa walipigiana simu. Mmoja anasoma alivyobandika, mwingine anafuatiza kwenye kitabu chake. Hakuna bosi aliyewaagiza. Upweke ndio uliowafundisha.

Ijumaa moja ya mwaka uliofuata, asubuhi, Loyce alisoma kifungu cha muda wa kukata rufaa. Bazilio akamkatiza.

"Hebu rudia, dada."

Akarudia.

"Hicho si cha sheria hii. Ni cha ile nyingine, vimefanana namba tu."

Loyce akabandua pembe ya karatasi kwa ukucha. Chini yake muda ulikuwa mfupi zaidi. Kwa ukurasa huo huo Wakili Brighton wa shirika lao alikuwa amemwambia Bibi Niyonsaba wa Nyakitonto, mjane aliyeshindwa kesi ya shamba alilonyang'anywa na shemeji zake: nenda kavune maharage, muda bado upo. Kumbe muda ulikuwa unaisha leo, masijala ya mahakama ikifunga dirisha.

"Kaka Bazilio, nimekwisha."

"Usinililie mimi, mlilie wakili wako. Nakutumia kifungu kwa simu neno kwa neno, asikubishie."

Brighton alisoma ujumbe, akaweka chini andazi lake. "Na mimi nikasoma kama kasuku. Mlete bibi atie dole gumba. Mimi naandika."

Theonest wa bodaboda alimkimbiza Loyce mpaka Nyakitonto. Bibi alikuwa ameinama kwenye kipande cha maharage alichobakiziwa, na shemeji yake mmoja amesimama mpakani akitazama.

"Mlisema bado," bibi akasema.

"Tulikosea. Mimi ndiye niliyekosea, mama. Panda."

"Wanakupeleka polisi, shemeji?" yule akauliza, akicheka.

"Wananipeleka harusini," bibi akajibu, akapanda na tope lake miguuni.

Kwenye mlima pikipiki iliteleza, wakashuka wakaisukuma. Loyce hakuthubutu kutazama saa. Walipofika masijala, Brighton alikuwa ameegemea dirisha, akimsimulia karani habari za mpira ambazo karani hakuziuliza. Bibi akakandamiza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mhuri ukashuka. Dirisha likafungwa.

Loyce aliketi kwenye ngazi, sketi yake imejaa udongo mwekundu. Bibi Niyonsaba akafuta kidole kwenye kanga, akamgeukia wakili.

"Ule ukurasa, ulinisomea mimi peke yangu?"

Brighton akatazama chini, akakumbuka. "Kuna Harerimana wa Makere. Muda wake unaisha Jumatatu."

Loyce alikwisha simama.

"Theonest," akasema, "usizime pikipiki."