Pua ya Mzee Girdhari

Tangu augue homa wakati wa baridi, Mzee Girdhari hakunusa kitu tena, na hakumwambia mtu. Peda za kuuza, vile vitamu vya maziwa, aliweza kuzionja. Lakini leo, sikukuu ya kuzaliwa kwa mungu Krishna, alikoroga maziwa ya peda za hekaluni, na chakula cha Mungu hakionjwi kabla ya kutolewa. Baba na babu yake, katika duka hilohilo la mjini Mathura, waliongozwa na pua. Maziwa yakiungua, jina la duka limekwisha.

Alikoroga kwa nguvu, mwiko ukigonga sufuria.

"Baba, unapika au unapigana na sufuria?" mkwewe Sumitra alimtania kutoka mlangoni.

"Nenda zako! Hapa wanapika wanaume."

"Haya, naenda." Hakwenda. "Ila Baba, maziwa si yanaanza kushika chini?"

Girdhari alivuta pumzi kwa nguvu. Hakusikia harufu yoyote. Aliepua sufuria mbiombio, jasho likimtiririka.

"Yameungua? Sema kweli!"

"Bado kidogo tu. Kwani wewe hunusi?"

Girdhari alitazama barabarani kwanza, asije mtu akasikia.

"Sinusi, mwanangu. Ingia. Simama hapa karibu yangu."

Sumitra akavua ndala, akaingia.