Punje za Buna Sakafuni

Umulkheir, muuza maziwa ya ngamia hapo Kiwanjani, alishazoea kumkuta jirani yake amechuchumaa sakafuni. Jirani huyo alikuwa mbunifu wa chipu, tena zile zisizofanya hesabu kama kompyuta za kawaida, bali vijisehemu vyake hupashana habari kama mishipa ya ubongo. Kompyuta ilikaa mezani, lakini kazi ilianzia chini, kwenye vichochoro alivyochora kwa chaki, na punje za buna, kahawa isiyomenywa, ndizo zilizokuwa habari zinazosafiri. Alizisukuma kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine, akizinong'oneza kama mtu anayesemesha mbuzi. Chaki ilimfika mpaka kwenye nyusi na hakujifuta.

Siku hiyo punje zilikwama katikati, kila moja ikingoja nyingine ipite. Kwenye simu, wenzake wa Nairobi walitaka njia ziongezwe. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha sauti yake ikashuka, kama ilivyoshuka kila alipokuwa na hakika. "Njia zinatosha. Kisimani, ngamia aliyekunywa hatoki kwa njia aliyoingilia. Sisi habari zetu tumeziacha zitoke popote." Akafuta mistari miwili, akachora mishale, punje zikapita zote. Akaiachia kompyuta ijaribu mpango huo, akazizoa punje, akaziosha, akabandika sufuria ya samli jikoni azikaange, ziliwe kwa maziwa kama ilivyo desturi ya kushukuru.

"Majibu yametoka?" Umulkheir aliuliza.

"Bado. Mpaka saa kumi."

"Na kompyuta ikikataa, umeshazikaanga, utasukuma nini tena?"

"Haitakataa, Mama. Leta maziwa."