Koti Nililolitoa kwenye Mzigo wa Kaka

Kaka yangu alipoanza kufungua vifungo vya shati kwenye mvua ile, nilidhani anatania. Tulikuwa milimani, mbele ya Mbinga, kwenye barabara inayokwenda kuteremka Mbamba Bay, na ukungu ulikuwa umefunga kiasi kwamba mashamba ya kahawa yaliyokuwa hatua chache kutoka kwetu sikuyaona. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwenye breki. Yeye alikuwa ameketi kando ya lami, baiskeli imelala miguuni pake, anafungua kifungo kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu aliyeingia nyumbani kutoka kwenye jua.

"Joto limezidi," aliniambia.

Niseme tulifikaje pale, maana si hali ya hewa peke yake iliyotufikisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha biolojia, na ninakaa Ruhuwiko, hapa Songea. Kaka ni fundi cherehani Majengo. Amenizidi miaka tisa na kilo nyingi. Yeye ndiye aliyeanza kuendesha baiskeli, baada ya daktari kumwambia aushughulishe mwili, mimi nikamfuata. Mwanzoni tulikwenda Peramiho siku za Jumapili na kurudi. Baadaye tukaenda Namtumbo na kurudi siku hiyohiyo, na usiku ule, miguu ikiwa inatuwaka moto, tukaanza kuzungumzia Tunduru. Safari ya siku kadhaa, kila mtu na mzigo wake juu ya baiskeli.

Mifuko yote aliishona kaka. Alinunua turubai la lori, akatumia zipu za mabegi ya shule na mikanda aliyoifumua kwenye mabegi ya mtumba. Alishona mmoja wa kukaa katikati ya fremu, mwingine wa kuning'inia nyuma chini ya kiti, na wa tatu mrefu kama mto wa kulalia, wa kufunga kwenye usukani. Ule wa chini ya kiti wa kwanza ulilegea ukawa unasugua tairi. Tulipofika Mjimwema tu ulikuwa umetoboka. Akaufumua, akakata kipande cha dumu la mafuta ya kula akakishonea ndani kwa chini, ukasimama imara. Alikuwa na furaha siku ile ambayo sijamwona nayo kwa gauni wala suti yoyote aliyowahi kushona.

Kazi yangu mimi ilikuwa uzito. Nilikuwa nimetazama video nyingi mtandaoni za watu wanaovuka nchi nzima kwa baiskeli, na wote walikuwa wakisema jambo moja: punguza. Nikaazima mizani ya jikoni ya wifi yangu, mke wa kaka, anayoitumia kupimia unga wa keki. Nikapima kila kitu. Pampu, spana, viraka, solusheni ya kuvibandikia, tyubu za akiba, soksi, sabuni. Nilikata mpini wa mswaki wangu nikabaki na kipande cha kushika kwa vidole viwili. Kaka alicheka.

"Mdogo wangu, mimi nina kitambi hiki. Mswaki utanisaidia nini?"

Tulibishana jambo moja tu, koti lake. Lilikuwa koti la mtumba la kitambaa kizito, lenye bitana ya manyoya, na kwenye mizani lilizidi kilo mbili. Nilimwambia tunashuka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, kwenye joto, na kwamba safari hii ni ya kujaribu vifaa tu kabla ya Tunduru. Koti la mvua la plastiki linatosha.

"Nakwenda nalo," alisema, akalikunja.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujielewa hadi leo. Alfajiri ya kuondoka nilifika dukani kwake, yeye akiwa nje anajaza tairi upepo. Mfuko wake wa usukani ulikuwa mezani, umefungwa tayari. Nikafungua mikanda, nikalitoa koti, nikaliingiza nyuma ya majora ya vitambaa. Halafu, ili mfuko usipwaye, nikaujaza vipande vya sponji alivyokuwa anatumia kwenye mabega ya suti. Nikafunga mikanda kama alivyokuwa ameifunga yeye. Ilinichukua dakika mbili au tatu, na moyo wangu haukuruka hata kidogo. Nilijiona mwerevu. Nilijua kwenye vilima atabaki nyuma, na nilikuwa nimechoka kumsubiri.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulitoka Songea jua linachomoza, tukapumzika Kigonsera tukanywa chai na maandazi, na jioni tukaingia Mbinga tukiwa bado tuna nguvu za kutaniana. Tukachukua vyumba viwili gesti. Tulikuwa tunakula wali maharage simu ya kaka ilipoita. Alikuwa wifi, na sauti yake niliisikia kutoka upande wangu wa meza.

"Koti lako nimelikuta nyuma ya majora."

Kaka aliacha kutafuna. Alitazama dari kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kichwani mwake.

"Basi nimelisahau," alimwambia. "Ni uzembe wangu. Nilikuwa na haraka."

Nikaendelea kula. Hakuwa ameufungua ule mfuko, kwa sababu nguo za kulalia zilikuwa kwenye mfuko mwingine. Asubuhi, tukipita karibu na soko, alipunguza mwendo akasema anataka kutafuta sweta zito au koti lolote. Mvua za mwisho za masika zilikuwa bado hazijaisha na huko mbele kulikuwa na wingu jeusi.

"Tutachelewa," nilimwambia. "Saa nane tunaogelea ziwani."

Alinitazama, akatazama soko, akanifuata.

Mvua ilitukuta kwenye mwinuko, saa nne hivi. Tulivaa makoti ya plastiki. Lake lilikuwa refu. Upindo ukaingia kwenye cheni, ukavutwa, likapasuka kutoka mgongoni hadi begani. Alilivua akalifunga kwenye keria. Chini yake alikuwa na shati na fulana, zote za pamba, na pamba ikishalowa inakaa mwilini kama kitambaa cha barafu. Mimi nilikuwa na sweta jepesi ndani ya plastiki, na sweta hilo yeye lisingemwingia hata mkono mmoja.

Tuliendelea. Nilikuwa nasikia meno yake yanagongana nyuma yangu. Baadaye nikawa siyasikii, na nikafurahi. Nilidhani amepata joto. Kisha nikasikia baiskeli inaanguka.

Ndipo nilipogeuka nikamkuta anafungua vifungo.

Nilimwuliza kama ameumia. Akaniuliza kama nimefunga duka. Nilimwambia asimame, akasema ngoja alale kidogo, mteja akija nimwamshe. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayezungumza. Nikashika mkono wake ukawa kama kitu kilichotolewa kwenye friji.

Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha tatu nikiwafundisha jinsi mwili unavyotunza joto lake. Ninachora ubaoni. Ninawaambia kwamba mtu akipoa mno anaacha kutetemeka, akili yake inapotea, na wengine huhisi joto wakavua nguo. Nimeyasema maneno hayo nikiwa na chaki mkononi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Yakanijia pale barabarani yote kwa pamoja. Nilisimama tu. Sijui ni kwa muda gani. Kaka yangu alikuwa anakufa mbele yangu na mimi nilikuwa nimesimama na kofia ya baiskeli kichwani.

Nikafungua mfuko wake wa usukani. Sijui nilikuwa natafuta nini, wakati nilijua koti halimo. Vipande vya sponji vikamwagika barabarani, vikaanza kunyonya maji.

Mwanamke mmoja alitokea kwenye ukungu akitoka shambani, jembe begani, kichwani amejifunika mfuko wa mbolea. Alikuwa wa umri wa mama yetu. Sikukumbuka hata kumwamkia. Alimtazama kaka mara moja, akaweka jembe chini.

"Shika upande huo," aliniambia.

Tulimbeba nusu, tukamburuta nusu, kwenye njia ya utelezi hadi nyumbani kwake. Haikuwa mbali, lakini nilianguka mara mbili. Jikoni kulikuwa na moto. Nilitaka kumsogeza karibu kabisa na mafiga, nikataka maji ya moto nimwagie miguuni. Yule mama alinishika mkono.

"Usimchome. Mvue kwanza hizo nguo."

Mimi kumvua kaka yangu nguo, sikuwahi kufikiri. Nilizivua. Mama akaleta mablanketi mawili na shuka, tukamfunga kuanzia kichwani, kisha akaniambia nivue na mimi plastiki yangu na sweta lililolowa, nijifunge kanga, nikae nyuma ya kaka nimkumbatie, mgongo wake kifuani mwangu. Nilikaa hivyo nikisikia pumzi yake inakuja na kukatika. Alipoanza kutetemeka tena, kwa nguvu kiasi cha kunitikisa na mimi, nilishtuka nikidhani ndiyo mwisho.

"Hapo ndipo anarudi," alisema yule mama. Akaanza kumnywesha chai yenye sukari nyingi, kijiko kwa kijiko. Baada ya muda akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia mimi ni mwalimu.

"Huku watu wanakufa kwa baridi, mwalimu," alisema. "Hamfundishi?"

Tulilala pale. Kaka alilala kama jiwe. Mimi nilikuwa naweka kiganja mbele ya pua yake kila mara.

Asubuhi alikuwa ameketi mwenyewe, dhaifu, sura imemvimba, anaomba uji. Nilimsalimia mama shikamoo kwa mara ya kwanza tangu tuonane naye, akaitikia marahaba bila kinyongo. Kaka akaanza kumshukuru. Alimwambia kwamba ni kosa lake, alisahau koti nyumbani, mtu mzima kama yeye.

Ningeweza kunyamaza. Lazima niliandike hilo. Hakuna aliyekuwa anajua, na sponji zilikuwa zimebaki barabarani.

"Hukusahau," nilisema. "Nililitoa mimi."

Mama aliacha kukoroga uji.

"Lini?" kaka aliuliza.

"Ulipokuwa nje, unajaza upepo."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa zito. Nilijua utabaki nyuma."

Alilivuta blanketi mabegani.

"Usiku ule gestini, mke wangu alipopiga, ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Na sokoni."

"Na sokoni pia."

Nilisubiri anigombeze, ningependa anigombeze. Yule mama alimimina uji, akatuwekea mbele yetu sote wawili sawasawa, akatoka nje kwenda kuangalia kuku wake.

Tulizichukua baiskeli barabarani, tukapata lori lililokuwa linarudi Mbinga. Pale stendi kaka alipakia baiskeli yake juu ya basi la Songea. Nilipotaka kupakia na yangu, akasema, kwa upole kabisa, "Wewe endesha." Basi likaondoka. Niliendesha kilomita zote zile peke yangu, na kwenye kila kilima nilikuwa nageuka kutazama nyuma. Mara mbili nilisimamisha baiskeli nikakaa chini kando ya lami, jua likiwa linawaka.

Wiki zilizofuata alinisalimia, aliniuliza habari za shule, alinishonea sketi niliyokuwa nimeagiza. Lakini kilichonishtua zaidi ya yote nilikikuta nyumbani kwake, siku moja mchana, wifi akichambua mchicha.

"Kaka yako msahaulifu sana," aliniambia. "Angeniacha mjane kwa ajili ya koti."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano na hakuinua kichwa. Hakuwa amemwambia. Alikuwa ameubeba uzembe ule kama wake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya mkewe, majuma matatu mazima.

Nikamwambia wifi. Nilimweleza lote, pamoja na sponji. Alisikiliza mpaka mwisho, mchicha mkononi, kisha hakunitazama mimi, akamtazama mumewe.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaacha niwe nakusema wewe."

Kaka alikata uzi kwa meno. "Ni mdogo wangu," alisema.

Wifi alinyanyuka akaingia ndani, na kwa miezi mingi hakunikaribisha chakula. Sikumlaumu. Alirudi kunizoea polepole, kwa habari za watoto na za ugonjwa wa mama yetu, bila kulitaja jambo lile, na mizani yake hakuniazima tena.

Tunduru tulikwenda kiangazi. Kila mtu alifunga mfuko wake, na wake sikuugusa. Siku ya pili, kwenye mashamba ya mikorosho, nilimwacha nyuma bila kukusudia, nikasimama kwenye kivuli kumsubiri. Nilisubiri karibu saa nzima. Nilihesabu pikipiki, nikaacha. Alipotokea alikuwa amelowa jasho, shati limefungwa vifungo vyote. Aliomba maji, nikampa chupa yangu, akanywa nusu akanirudishia. Kisha akatangulia yeye.