Denise apaka rangi nyumba aliyoiuza baba yake

LONDON. Saa moja na nusu asubuhi, Denise Pettifer anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, ndoo ya rangi nyeupe mkono mmoja, rola mkono mwingine. Lifti imekufa tangu Jumatatu. Anasimama mbele ya namba 27, anashusha ndoo na kutukana. Tusi lenyewe halifai kuandikwa gazetini.

Denise, 49, ni mpaka rangi wa halmashauri. Kazi yake siku hizi ni kutengeneza nyumba ambazo halmashauri iliziuza zamani na sasa inazinunua tena, ili wasio na makazi wapate pa kulala. Hii ni ya kumi na nne tangu Januari. Ndiyo pia nyumba aliyokulia.

"Chumba kile pale nilikuwa nalala mimi na dada yangu," anasema. "Leo nalipwa kukipaka rangi. Haya, cheka basi!"

Baba yake, Ron, dereva wa basi, aliinunua mwaka 1986 kwa pauni 16,000, nusu ya thamani yake, kama sheria ilivyowaruhusu wapangaji wa halmashauri. Kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa mlango. Milango yote ya halmashauri ilikuwa ya kijani. Aliyenunua aliweka wa mbao wenye kigongeo cha shaba cha kubishia hodi, majirani wajue kwamba humu hakuna mpangaji tena.

"Mama alikisugua kile kigongeo kila Jumamosi," anasema Denise. "Mlango wa jirani ukibaki wa kijani, sisi watoto tunamzomea mwanawe. Wajinga sisi!"

Mwaka 1994 Ron aliuza, akahamia pwani, na pesa zikaisha kabla ya yeye kufa. Mnunuzi alikuwa na nyumba nyingine sita kwenye jengo hilohilo. Kwa miaka mingi aliikodisha namba 27 kwa halmashauri yenyewe, iwaweke humo watu waliokosa nyumba za halmashauri. Mwaka huu ameiuza kwa halmashauri kwa pauni 338,000.

Mwandishi huyu ameishi mtaa huu miaka kumi na tisa na bado hajapata mtu wa kumweleza, bila kuona haya, hesabu hiyo ilimfaa nani zaidi ya huyo bwana.

Fundi seremala, Gurdev Bansal, anaingia na mlango mpya wa kuzuia moto. Wa kijani.

"Dada Denise, nikung'olee kigongeo cha baba yako kwenye mlango wa zamani ukakitundike sebuleni?"

"Kitundike kwako, mzee. Mimi sebule naipata wapi?"

Denise anaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Binti yake, Leanne, na watoto wake wawili wako katika chumba cha hoteli walikowekwa na halmashauri mwaka mmoja na miezi minne sasa. Hakuna jiko. Wanakula tambi za kumwagia maji ya birika. Mdogo, Tyler, amejifunza kutembea kati ya kitanda na choo.

Wiki tatu zilizopita namba 27 ilitangazwa kwenye orodha ya nyumba tupu inayotolewa kila Alhamisi, ambapo wenye shida hutuma maombi na kupangwa kwa pointi. Leanne aliomba. Akawa wa 61.

"Alinipigia simu analia: 'Mama, si umwambie mtu hapo kazini?' Nikamwambia, nimwambie nani, mwanangu? Mimi hapa ni rola tu!"

Nyumba amepewa mama mwenye watoto watatu, aliyekaa hotelini miaka miwili na nusu. Anahamia Jumatatu.

"Simchukii yule mama, hata kidogo," anasema Denise, akikandamiza rola ukutani mpaka rangi inamrukia usoni. "Ndiyo maana nampakia vizuri. Ninaowachukia ni waliouza mia mbili, wakanunua kumi na nne, halafu wakaja hapa kupiga picha!"

Wakubwa hao wa halmashauri walikuja kweli, wiki iliyopita, wakiwa na kofia ngumu vichwani. Mmoja alimwomba asogee, maana ovaroli yake ilikuwa chafu.

Ijumaa Denise ana miadi na mbunge wake. Anataka sheria ibadilishwe, nyumba hizi zinazonunuliwa zisiuzwe tena kwa mpangaji yeyote. Leo bado inaruhusiwa. Leanne ataendelea kuomba kila Alhamisi, na mama yake anaamini zamu yake itafika.

Ikifika, na baada ya miaka michache Leanne akaambiwa anaweza kuinunua kwa bei ya chini, je?

Denise anachovya rola kwenye ndoo.

"Atainunua," anasema. "Nani angekataa? Mimi mwenyewe nitamchangia. Ndiyo maana naitaka sheria hiyo ife kabla mwanangu hajapewa ufunguo."