Waitaliano wa Chang'ombe

Marselino, fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Chang'ombe, alimkosea mkewe Adelina kosa ambalo kwao Masasi halisahauliki kirahisi: mama mkwe alizikwa yeye hayupo. Mkwe wa watu, ana miguu yake miwili, amebaki Dar anapiga gari rangi.

Gari lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa la kila siku. Lilikuwa Lamborghini la zamani kutoka Italia, jekundu, lililoletwa na marehemu baba yake Muhdhar, bosi wa Marselino, enzi za neema, likaozea kwenye ghala la familia mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Muhdhar, mrithi, akaamua lifufuliwe liuzwe. Miaka ikapita Marselino akigonga bati, milango akaiunda upya kwa kutazama picha za kwenye simu. Puti ya kuzibia mabonde ya bati hakutaka hata kuisikia, alisema ni ya mafundi waongo. Rangi aliipuliza bila barakoa, na malipo yake yakawa kikohozi kisichosikia dawa.

Habari ya msiba ilipofika, alikuwa katikati ya rangi ya mwisho. Muhdhar akamwambia akiiacha hapo kazi yote itaharibika, na akienda asirudi. Akabaki. Adelina akapanda basi peke yake, akaenda kuulizwa na ndugu zake mumewe yuko wapi. Tangu hapo alimpikia na kumfulia, ila maneno alimnyima.

Kwa hiyo siku ya kuja mnunuzi, Marselino alimbembeleza mkewe aje gereji. Hakuwa na kingine cha kumpa. Alitaka aione ile kazi na amsikie mwenye mali akiisifu, labda angeelewa kwamba mumewe hakuliacha kaburi kwa upuuzi. Muhdhar alikuwa ameahidi kumtaja. Adelina akavaa kitenge cha kanisani, akaja, akaketi kwenye benchi.

Turubai lilipovutwa hata yeye alishika mdomo. Mnunuzi, Wilfred wa Mbezi Beach, alilizunguka gari kama anayekagua ng'ombe, akauliza limetengenezwa na nani. Muhdhar hakupepesa macho. Alisema aliwaleta Waitaliano wawili, wakakaa hapo hapo mpaka wakamaliza. Na huyu mzee? akauliza Wilfred, akimtazama Marselino. Huyu ni mlinzi wetu.

Adelina akageuka kumtazama mumewe.

Sasa mafundi wa Chang'ombe wana mwiko, na ukiniuliza mimi ni mwiko wa kijinga: biashara ya mtu haivunjwi mbele ya mnunuzi. Ukiivunja, hakuna atakayekukabidhi tena gari lake. Mafundi wenzake walikuwepo wote, na hakuna aliyefungua mdomo. Marselino mwenyewe alikuwa ameuzeekea mwiko huo.

Wilfred, kijana mwenye adabu zake, akamwamkia. "Shikamoo mzee. Hao Waitaliano uliwaona?"

"Marahaba. Niliwaona," alisema Marselino. "Mie ndo nilikuwa nawachemshia chai."

Watu wakacheka. Muhdhar aliwapita wote kwa kicheko, akampigapiga begani. Wilfred akaridhika, wakapeana mikono.

Marselino akaenda kwenye benchi na maelezo yake. Alimnong'oneza mkewe kwamba yale yalikuwa maneno ya biashara tu, kazi yote ni yake, bosi akimaliza na mgeni, amuulize mwenyewe. Kikohozi kikamkatiza, akainama ameshika magoti. Adelina hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwa Muhdhar, akamuuliza kwa heshima kazi ya mumewe hapo ni ipi. Muhdhar akamtazama Wilfred, aliyekuwa bado kasimama karibu, kisha akatabasamu. Akasema ni mlinzi mzuri sana, mama, hajawahi kukosa hata siku moja.

Adelina akarudi. Alimshika mumewe mgongo mpaka kikohozi kikatulia, maana alikuwa mke mwema.

"Baba Marietha," alisema, "ndugu zangu niliwaambia mume wangu ni fundi, ana kazi kubwa, wamsamehe. Kumbe mama yangu anafukiwa, we uko huku unachemsha chai."