Masikio ya Mbuzi Wetu

Leo mvua imenyesha Kisaju, na harufu ya mbuzi waliolowa imeingia hadi jikoni kwangu. Mara moja nikajikuta darasani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliamini uhakiki ndio ungetufanya tuwe waandishi. Kila insha ilikaguliwa kwanza na mwenzako wa dawati, halafu na yeye: dhamira, wahusika, mandhari. Iliyofaulu ndiyo ingebandikwa ukutani siku ya wazazi. Niliutamani sana ukuta ule, maana mama alikuwa anakuja.

Niliandika juu ya mbuzi wetu aliyeuzwa sokoni Kajiado nikiwa shuleni. Insha ikarudi. Nikaandika upya, ikarudi tena.

"Mhusika ni bapa," mwalimu akasema.

Bapa vipi, na alikuwa mnono vile? Nilichoka hata nikataka kuitafuna ile karatasi.

Mwenzangu wa dawati, msichana wa Kimaasai, aliisoma tena akifuata kwa kidole.

"Wewe, hii mbuzi yako haina masikio."

"Kila mbuzi iko na masikio."

"Imekatwa alama gani? Kwetu mbuzi bila alama ni ya mtu yeyote. Nyinyi Wakamba mnafuga aje?"

Kwa hasira nikaandika kwamba sikio la kushoto la mbuzi wetu lilichanwa na seng'enge, na akila lilikuwa likicheza peke yake.

Mwalimu akasema dhamira bado haionekani, kwa hivyo ukutani haiendi. Machozi yalikuwa karibu. Yule msichana akanivuta sweta.

"Sasa naijua," akaninong'oneza. "Nikienda soko na baba, nikiiona nitakuletea."