Mama Alipomuuliza Mchungaji

Juzi, kanisani hapa mjini Baraka, msichana alisimama akamkosoa mchungaji mbele ya watu wote, wala hakuna aliyeshtuka. Mimi nilikumbuka mchana mmoja wa wakati wa vita.

Tulikuwa tumerudi kutoka porini. Kanisa lilinuka jasho, moshi na samaki wakavu. Katikati ya mahubiri mama akasimama. Kitenge cha kumbebea mdogo wangu kilining'inia kitupu begani mwake.

"Pasta, siku ya masasi, bunduki zikilia kila upande, tuligonga hapa. Ulikuwa ndani. Juu ya nini hukutufungulia?"

Mzee wa kanisa akaruka, akamwashiria akae. "Mama, ikala! Mutumishi wa Mungu habamuulizi!"

"Mutoto wangu alikufia ku ule mulango. Nitauliza."

Nilikamata benchi kwa mikono miwili. Mabati yalialika kwa joto, nami nikadhani Mungu anashuka kumchoma mama. Watu waligeuza nyuso. Nilidhani wote wamemkasirikia. Leo najua ilikuwa aibu.

Kisha jirani yetu, mama aliyetugawia unga tuliporudi, akasimama.

"Na mi nilikuwa mule ndani," akasema. "Tulikuwa bengi. Tulibasikia mukigonga."